Kuitia mashine nzito magurudumu: mwongozo kwa karakana ya fremu moja

Kwa miaka mingi kazi ya kwanza ya asubuhi karakanani kwangu haikuwa useremala, ilikuwa upagazi. Fremu yangu, yaani chumba changu cha biashara, ipo Chang'ombe hapa Dodoma, upana mita nne, kina mita saba. Usiku hulala humo mashine ya kuchana mbao, msumeno wa mkanda, drili ya kusimama, kompresa na benchi mbili. Mchana lazima vitoke kibarazani, maana ukishasimamisha kabati moja la milango minne ndani huna pa kugeukia. Jioni virudi, la sivyo kesho utakuta mota imeshakwenda zake. Watu wanne, kutwa mara mbili, na aliyechelewa kufika ndiye anayeshika upande wa mota.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku 2016, oda za makabati ya jikoni na meza za ofisi kwangu zimeongezeka, lakini fremu ni ileile. Nikaamua mashine zitembee zenyewe. Nilichojifunza ni kwamba kununua magurudumu manne na kuyapigilia chini ya mashine ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo inayoharibu kazi. Mashine inatakiwa iwe na hali mbili: ikisafiri ikae juu ya magurudumu, ikifanya kazi ikae juu ya miguu yake, magurudumu yakiwa hayabebi kitu. Maelekezo yote ya hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo.

Nilivyokosea mara ya kwanza

Nilianza na msumeno wa mkanda, kwa kuwa ndio uliokuwa ukituumiza viuno. Nikanunua vigurudumu vinne vya nailoni, vidogo vya milimita 50, muuzaji akanihakikishia kimoja kinabeba kilo 100. Nikavifunga kwenye pembe nne za kitako. Ukutani kwa jirani kuna mzee wa kuchomelea, akaja kutazama. Nikamwamkia, akaitikia, akauzunguka msumeno mara moja, akasema, "Mwanangu, huyu ng'ombe umempa miguu ya mbuzi." Nikacheka.

Siku ya tatu dogo ninayemfundisha kazi alikuwa anausukuma kutoka nje. Kigurudumu cha mbele kikaingia kwenye ufa wa sakafu, ufa usiotosha hata kidole gumba. Chini pakasimama, juu pakaendelea. Dogo aliruka pembeni, namshukuru Mungu, lakini meza ya msumeno, ambayo ni chuma cha kalibu, ilitua kwa kona na kona ikakatika. Chuma cha aina ile hakipindi, hupasuka, na kukichomelea kunahitaji fundi wa kipekee. Mpaka leo meza ile ina kovu.

Mzee hakusema "nilikwambia". Alikuja na futi yake tukaanza upya.

Kwanza, chagua cha kuhamisha na cha kuacha

Si kila kitu kinastahili magurudumu. Benchi, mashine ya kuchana, ya kuranda, msumeno wa mkanda, drili ya kusimama, vyote vinafaa. Mashine ya kukereza chuma iache ilipo. Kitanda chake kirefu kikikaa mahali pasipo sawa hujipinda kidogo sana, jicho halioni, na unachokereza kinatoka kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Hiyo hufungwa sakafuni na kusawazishwa kwa pimamaji, mara moja, basi.

Jiliwa zito la kunyoshea vyuma nalo lisiwe kwenye benchi ya magurudumu isipokuwa benchi hiyo ina miguu ya kukanyagia, ile ya kuteremsha nitakayoieleza mbele. Ukivuta spana kubwa, benchi inakufuata.

Pima uzito, usikisie

Mashine za mitumba nyingi hazina kibati cha maelezo, au kibati kimepakwa rangi. Tafuta mzani wa kupimia watu, ule wanaotembea nao vijana wa stendi kupima abiria uzito. Mpe chochote akuazime nusu saa.

Inua upande mmoja wa mashine kwa jeki ya gari, weka mzani chini yake. Upande wa pili weka mbao zenye kimo sawa na mzani ili mashine isiinamie upande wowote. Soma. Kisha badilisha, mzani uende upande wa pili. Jumlisha masomo yote mawili, huo ndio uzito. Mashine yangu ya kuchana ilisoma kilo 122 upande wa mota na 94 upande wa pili, jumla 216.

Mizani mingi ya namna hii huishia kilo 120 au 150. Ukiona upande mmoja utazidi, chukua ubao mnene wa mita moja, mwisho mmoja ukae juu ya mzani, mwisho mwingine juu ya tofali la kimo hichohicho, na mguu wa mashine uegemee katikati kabisa ya ubao. Mzani utasoma nusu, wewe zidisha kwa mbili.

Kwenye 216 ongeza fremu ya chuma utakayotengeneza. Chuma cha pembe cha 50 kwa 50, unene milimita 5, hiki tunachokiita engo, kina uzito wa karibu kilo 3.8 kwa mita. Kwa mita nne, pamoja na magurudumu na miguu, nilipata kilo 24 hivi. Jumla 240.

Sasa gawa kwa tatu, usigawe kwa nne. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kwenye sakafu yenye mabonde, mashine ngumu yenye magurudumu manne kwa wakati fulani husimamia matatu, la nne linaning'inia. Sakafu zetu hizi za saruji iliyolainishwa kwa mwiko na kijana aliyekuwa na haraka, usitegemee zaidi ya matatu. Kwa hiyo 240 kwa 3 ni 80, nami nikatafuta magurudumu ya kubeba kilo 100 na zaidi kila moja. Ukiona namba imechapwa kwenye chuma chenyewe, nzuri. Ukiwa na neno la muuzaji tu, lipunguze nusu.

Kuchagua gurudumu

Dukani wanayaita kasta. Yako ya namna mbili: yenye shingo inayozunguka, na yasiyogeuka, yanayokwenda moja kwa moja. Kwa mashine chukua mawili ya shingo na mawili yasiyogeuka. Yote manne yakiwa ya shingo, mashine inayumba kama mlevi, na kwenye mteremko mdogo inajichagulia njia. Ya shingo yawe upande utakaoshika kusukumia, hapo ndipo usukani.

Ukubwa ni muhimu kuliko bei. Nilipomuuliza mzee kwa nini msumeno ulianguka kwenye ufa mdogo vile, alinichorea sakafuni kwa chaki, na baadaye nikapiga hesabu mwenyewe. Gurudumu la kipenyo cha milimita 50 likikutana na ukingo wa milimita 10, ili lipande unatakiwa kusukuma kwa nguvu inayozidi uzito uliolala juu ya gurudumu hilo, mara 1.3 hivi. La milimita 125 kwenye ukingo uleule linataka karibu 0.65 ya uzito, yaani nusu ya jasho. Tena nguvu yote hiyo unaitia kwa mikono, kifuani, wakati kilichokwama kiko chini kabisa. Kwa nini isianguke?

Chini ya milimita 100 usinunue kwa ajili ya mashine. Kwa sakafu yenye nyufa na kizingiti, 125.

Kuhusu malighafi ya gurudumu: nailoni na chuma ni vigumu, vinateleza vizuri kwenye sakafu safi lakini msumari mmoja au kijipande cha kokoto kinavisimamisha, na vina kelele. Mpira laini hupita juu ya takataka bila neno, ila mashine ikikaa juu yake wiki nzima mpira unabonyea upande mmoja, na siku ya kuondoka linakwenda likidunda. Poliyurethani, ule mpira mgumu wa rangi ya njano au nyekundu uliomiminwa juu ya kitovu cha chuma, uko katikati ya hayo mawili, nami ndio niliochukua. Kwa wasiotaka mapya, kwenye yadi za vyuma chakavu hupatikana magurudumu ya matoroli ya hospitali na ya mizigo. Mazuri mno mengine. Zungusha kila moja kwa mkono na usikilize. Likikwaruza kama linasaga mchanga, beringi imekwisha.

Breki: kuna inayokaba gurudumu lisibingirike, na kuna inayokaba gurudumu na shingo kwa pamoja. Ya kwanza peke yake haitoshi. Gurudumu limekabwa lakini shingo inacheza, na mashine inatikisika huku na huku kila ubao unapoingia kwenye msumeno. Hata hivyo breki kwangu ni ya kusimamisha safari tu. Kazi ni ya miguu.

Kimo na upana

Gurudumu la 125 pamoja na shingo yake lina kimo cha kama milimita 155. Ukiliweka chini ya mashine, meza iliyokuwa sentimita 88 inakuwa zaidi ya mita moja, na hapo unachana mbao mikono ikiwa juu mno. Zaidi ya hayo mashine imepanda juu na imekuwa rahisi kuanguka.

Kwa hiyo magurudumu yasikae chini ya mashine, yakae pembeni yake, kwenye masikio yaliyotokeza nje ya fremu. Fremu yenyewe inaning'inia karibu na sakafu, milimita 20 tu juu yake. Mashine inapanda milimita 25 kwa jumla, kwa kuhesabu na unene wa engo. Hata hutaona tofauti ukifanya kazi.

Kuyatoa nje kuna faida ya pili. Msumeno wangu una kitako cha sentimita 40, na kitovu cha uzito wake kiko kama sentimita 80 juu. Hiyo inamaanisha ukiulaza nyuzi 14 tu kutoka wima, unakwenda. Nilipoyatenganisha magurudumu mpaka sentimita 70, ilibidi ulale nyuzi 23 na ushee. Ukipima upana huo kumbuka magurudumu ya shingo yakigeukia ndani hupunguza sentimita kadhaa kila upande. Hesabu ule upana mdogo kabisa.

Kutengeneza fremu

Vifaa: engo ya 50 kwa 50 kwa 5, pleti ya milimita 6 kwa ajili ya masikio, fimbo ya nyuzi (iliyochongwa nyuzi za skrubu mwili mzima) ya milimita 16 na nati zake nane, boliti za milimita 10 na washa za springi, kipande cha nondo ya 12. Mashine ya kuchomelea, grinda, drili, pimamaji, skwea. Kama huna mashine ya kuchomelea nenda kwa jirani ukiwa umeshakata kila kitu kwa vipimo, utalipa kidogo.

Pima kitako cha mashine, ongeza milimita 4 kila upande. Changu ni sentimita 60 kwa 90. Kata engo kwa nyuzi 45 kwenye pembe, ulaze mbavu moja chini ikiangalia ndani, hiyo ndiyo itakayobeba miguu ya mashine, na mbavu ya pili isimame nje kama ukuta mdogo wa kuizuia isiteleze.

Chomelea pande tatu tu, ipatikane umbo la herufi U. Upande wa nne uwe wa kufunga kwa boliti mbili kila pembe. Sababu utaiona wakati wa kuingiza mashine.

Masikio sasa. Kutoka chini ya fremu hadi uso wa chini wa sikio unataka kimo cha gurudumu kutoa nafasi ya sakafuni. Kwangu 155 kutoa 20 ni 135. Kata vipande vinne vya engo vya kusimama, vichomelee kwenye pembe kwa nje, juu yake weka pleti iliyolala, chini yake tia kigongo cha pembetatu cha kuiimarisha. Usipuuze kigongo hicho. Sikio bila kigongo linainama taratibu, na gurudumu linaanza kutembea limekunja mguu.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, shikiza kila sikio kwa nukta mbili, geuza fremu juu chini, tandaza ubao mnyoofu juu ya masikio mawilimawili, tazama kama yako usawa mmoja. Moto hukivuta chuma. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fremu itakuwa kama jani kavu. Chomelea kidogo hapa, nenda kona ya mkabala, rudi.

Magurudumu yenyewe usiyachomelee. Yafunge kwa boliti, nne kila moja, na washa za springi. Watu huyachomelea kwa haraka, kisha wanashangaa. Joto linayeyusha grisi na kuiharibu nailoni. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi unaacha vidonda kwenye gololi. Na ule mng'aro wa kijivu juu ya kasta ni zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi mweupe wa kumfanya mtu ashikwe na homa usiku, atetemeke akidhani ni malaria. Nati zako nazo zikiwa na zinki, ikwangue kwanza kwa grinda sehemu ya kuchomelea, ufanyie kazi nje penye upepo. Upepo Dodoma si wa kutafuta.

Miguu ya kukanyagia

Kata fimbo ya nyuzi vipande vinne vya sentimita 25. Chini ya kila kipande chomelea kisahani cha pleti, duara au pembe nne, kama sentimita 6. Kwenye sikio, kando ya gurudumu, mahali ambapo shingo ikizunguka haigusi, toboa tundu la milimita 17. Weka nati mbili juu yake, moja juu ya nyingine, fimbo ikiwa imepita ndani yake ili zisipishane wala nyuzi zisijikunje kwa joto, kisha chomelea pembeni kwa nukta fupifupi. Mwisho wa juu wa fimbo chomelea nondo ya sentimita 20, kama mpini wa msalaba, ili uzungushe kwa mikono bila kutafuta spana.

Fimbo ya milimita 16 ya kawaida husogea milimita 2 kwa mzunguko mmoja. Hii inakusaidia kuhesabu. Kisahani kikiwa kimepandishwa milimita 16 kutoka sakafuni, mizunguko 8 kinagusa chini, miwili zaidi na gurudumu limeachia mzigo. Lijaribu kwa kidole cha mguu. Likizunguka kwa wepesi, mashine imekaa kwenye miguu.

Shusha mitatu kwanza hadi ikae sawa kwa pimamaji, ndipo wa nne uuteremshe mpaka uguse na kukaza kidogo tu. Ukiilazimisha minne kwa pamoja utakuwa unaipinda fremu bila kujua.

Kuingiza mashine

Hapa ndipo vidole hupotea, kwa hiyo taratibu. Chomoa umeme kabisa. Toa mkanda, mbao za kulishia, na chochote kinachotoka, mashine ipungue. Viatu vifunikwe mbele. Ndala zibaki nyumbani.

Inua upande mmoja kwa mtarimbo au jeki, sentimita mbili, ingiza ubao. Upande wa pili, sentimita mbili, ingiza ubao. Kila unachoinua kiwekewe ubao chini papo hapo, mkono usiingie penye hewa tupu. Mbao mbili zikae katikati, zikifuata urefu wa mashine, zisifike mwishoni.

Fremu ilale chini bila magurudumu, miguu ikiwa imepandishwa juu. Isogeze kutoka upande mmoja, ile U inaikumbatia mashine, na mbavu za milimita 5 zinapita chini ya miguu yake. Funga upande wa nne. Toa mbao kwa mpango uleule wa kuinua kidogokidogo, mashine itue kwenye mbavu. Kama kitako chake kina matundu ya boliti, ifunge kwenye fremu.

Halafu tazama raha yake: huhitaji jeki tena. Zungusha ile miguu minne kwa zamu, mizunguko miwili miwili, fremu inapanda yenyewe na mashine yake. Ikifika milimita 20 na kidogo ya ziada, ingiza magurudumu chini ya masikio, kaza boliti, rudisha miguu juu. Mzee alipoona hivyo akaita watu wa chumba cha tatu waje kutazama.

Umeme

Mashine iliyokuwa haitoki mahali pake ilikuwa na waya mgumu uliotoka ukutani. Ikianza kutembea waya huo utakatika ndani ya ganda na hutaona. Weka waya laini wa nyuzi nyingi, wenye unene unaoendana na mota, na waya wa ardhi uwe mzima. Kama unatumia waya wa kurefusha uliozungushwa kwenye kibiringi, ufungue wote. Ukiachwa umejikunja huku mota inavuta, unapata moto hadi ganda linayeyuka.

Wenye mota za fezi tatu wana mtego wao. Soketi ya ndani na ya kibarazani zikiwa zimefungwa na mafundi wawili tofauti, mpangilio wa fezi unaweza kuwa umepishana, na msumeno uliokuwa unazunguka vizuri ndani ukazunguka kinyumenyume nje. Kila ukihamia soketi mpya, washa na kuzima haraka bila ubao, uone jino linakoelekea. Likiwa kinyume, fundi umeme abadilishe fezi mbili kwenye soketi, si kwenye mashine.

Kusukuma

Sukuma kutoka chini ya kiuno, si kwenye kichwa cha mashine. Kizingiti kipande kwa magurudumu mawili kwa pamoja, uso kwa uso. Ukikiingilia kwa mshazari gurudumu moja linapanda kabla ya mwenzake na mashine inalala. Msumeno wa mkanda uvuke kwa urefu wake, si kwa ubavu.

Ngazi ya mteremko mlangoni iwe ndefu. Ikipanda sentimita 10 kwa kila mita, mashine ya kilo 240 inakurudisha nyuma kwa nguvu ya kama kilo 24, mtu mmoja anaiweza. Ukifanya ya nusu mita kwa kimo hichohicho kwa sababu ya kubana nafasi, nguvu hiyo inakaribia mara mbili, na kushuka ndiko kubaya zaidi. Mtu asisimame upande wa chini. Nasema hivi nikijua kila mtu husimama upande wa chini, kwa sababu ndiko anakodhani ataizuia.

Nje ya kibaraza, kwenye udongo wetu huu wa kichanga, gurudumu la 125 linazama. Wengine wamejaribu matairi ya upepo ya toroli ya ujenzi. Yanapita vizuri mpaka yanapokutana na miiba ya migunga, na Dodoma mwiba hautafutwi. Mimi nina vipande viwili vya plaiwudi nene. Natandika kimoja, nasukuma, nakihamisha cha nyuma mbele.

Vumbi

Kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo unapeperusha vumbi kila mahali, nasi tunaongeza la mbao. Grisi ikiwa wazi inalishika na kuwa msasa. Kabla ya kuongeza grisi futa ya zamani kwa kitambaa chenye dizeli, tia kidogo, futa iliyotoka nje. Mara kwa mara chomoa nyuzi na vitambaa vilivyojisokota kwenye ekseli. Hizo ndizo zinazofanya gurudumu lianze kuburuta na mtu akadhani beringi imekufa. Boliti zikague kila mwezi, hasa mwezi wa kwanza baada ya kuzifunga, maana mtikisiko wa mota hulegeza. Fimbo za nyuzi zipake mafuta ya mashine, si grisi, na uzivalishe kipande cha bomba la plastiki kwa juu.

Siku hizi dogo anatoa mashine ya kuchana peke yake, dakika tatu pamoja na kuteremsha miguu. Drili ya kusimama bado tunaibeba. Fremu yake nimeshaikata, iko chini ya benchi, inasubiri siku ambayo oda zitapungua.